Kilindo cha Ngano Ngumu

Unga wa dukani haufai kwa tambi. Nimelisema hilo tangu usichana na nitalisema mpaka naingia kaburini. Ukizitia majini zinalegea, sufuria nzima inageuka uji. Tambi za Idi nyumbani kwetu Tabora zilitokana na ngano ngumu, mbegu waliyokuja nayo wazee wetu zama za misafara. Baba aliilima bondeni Ntalikwa. Mbegu ya mwakani ilikaa kwa msimamizi wake, Mzee Lugembe, ndani ya kilindo, lile kasha la gome la mti, akilitundika juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu. Miaka thelathini haikuharibika.

Ikaja Operesheni Vijiji. Lugembe akahamishiwa kijiji kipya hapo hapo Ntalikwa na shamba nililoachiwa na Baba likawa la wote, isipokuwa majaruba mawili, vipande vyenye kingo za kuzuia maji, aliyoniombea mwenyewe mkutanoni. Kilindo alihama nacho kichwani.

Mwezi wa tano nikaenda kuchukua mbegu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bi Thuraya. Njoo uone, hamna hata mdudu mmoja!"

Niliinama kuingia. Nyumba yake ya zamani ilikuwa na paa refu. Hii ukinyoosha mkono unagusa nyasi. Kilindo kilining'inia shubiri mbili tu juu ya moto. Nilipokigusa kikaniunguza. Nikakishusha kwa upindo wa kanga, nikaondoka nacho.

Nyumbani nililaza punje mia moja kwenye kitambaa kibichi. Siku ya kumi hakuna iliyoota. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia aliyepima nyumba zile fupi, nikamkasirikia Lugembe, na zaidi nafsi yangu, kwani miezi tisa yote sikwenda hata mara moja kutazama. Mbegu nyingine hatukuwa nayo.

Nikarudi Ntalikwa na kilindo, njia nzima nikipanga maneno ya kumfokea. Nikamkuta bondeni, amelima majaruba yote mawili peke yake, maji yameshaingia, viganja vimemchubuka.

"Tulikuwa tunangoja mbegu tu," akasema.

"Imekufa, mzee. Moto umeiua."

Akakaa ukingoni. "Yote?"

"Nimejaribu mia. Hata moja haikuota."

"Mia si kilindo kizima," akasema. Kisha akanyanyuka, akachota konzi kwenye kilindo, akaingia kwenye udongo uliolowa na kuanza kupanda, mstari kwa mstari, bila kunitazama.

Nikavua viatu, nikachota konzi yangu, nikashika mstari wa pili.