Siku Tatu za Semina

Watoto walikuwa wawili. Naanza na hilo usije ukapotea kama nilivyopotea mimi. Bochaberi, mama yao, alikuja kwenye kituo chetu cha afya na mmoja mgongoni, na mwingine, msichana wa miaka mitano aitwaye Kwamboka, alikuwa amebaki nyumbani, milimani juu ya Ekerenyo. Wote wawili walikuwa wamekunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyotiwa kwenye chupa ya soda. Mama yao alilijua hilo. Bochaberi ni kiziwi, na alinieleza kwa mikono yake mara tatu. Mimi ndiye sista niliyekuwa zamu.

Lakini balaa lilianzia kwenye semina. Mwezi wa pili tuliitwa Nyamira, wafanyakazi wa vituo vya afya, tufundishwe lugha ya ishara ya kuanzia: maumivu, mtoto, dawa, lini, wapi. Mwalimu wetu, Josiah, alikuwa kiziwi mwenyewe, kijana mcheshi ambaye angekufundisha hata kama hutaki. Siku ya kwanza nilikaa mpaka chai ya saa nne. Nilijua salamu, asante na subiri. Kisha nikatia sahihi ya siku zote tatu kwa mpigo, kama tulivyozoea, nikapanda gari kwenda Kisii kuchagua mapazia dukani kwa Padma. Hakuna aliyeshangaa. Tulioondoka tulikuwa wengi.

Viti vyetu vilikaliwa na watu kama Nyakerario, mfagiaji wa kituo chetu, ambaye hakuwa hata kwenye orodha. Alikaa mbele siku zote tatu. Aliporudi, alikuwa akipiga deki huku mkono mmoja ukizungumza peke yake, nasi tukimcheka. Ila beji za bluu zenye picha ya mikono miwili tulipewa sisi wa sahihi. Nikaibandika yangu kifuani. Mlangoni likatundikwa bango: Hapa viziwi wanahudumiwa kwa lugha yao.

Bochaberi alilipita bango hilo mbio, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mtoto aliyembeba, Ombui, alikuwa akitokwa na mate kama maji, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje za wimbi. Harufu ya ile dawa ilinifikia kabla sijamgusa. Hapo sikuhitaji lugha ya mtu. Nilimvua nguo, nikamwosha, nikamwekea dripu, nikaanza kumdunga atropini, dawa ya kuzima sumu hiyo. Kazi yangu naijua. Sisemi hivyo kujitetea.

Bochaberi akanishika mkono. Aliiona beji, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyefika kwao. Akaanza kusema. Mikono ilienda mbio, ikielekea dirishani, ikirudi kifuani, na mimi sikushika hata neno moja. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Baadaye nilikuja kujua kwamba alisoma shule ya viziwi mpaka darasa la sita, na mstari mmoja tu ungetosha. Lakini benchi zima la wagonjwa lilikuwa likinitazama, na kumpa kalamu kungekuwa kukiri kwamba beji yangu ni ya bure. Kwa hiyo niliinua mikono yangu nikamwambia: Subiri.

"Eh, kumbe sista anajua kuongea na hao!" alisema mama mmoja kwenye benchi. "Hiyo ni kitu mzuri sana."

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Atropini yetu ilikuwa inaelekea kwisha. Nikatoka mlangoni, nikamwita Geoffrey wa bodaboda, nikampa barua ya kuchukua nyingine. "Enda Nyamira mbio, usisimame mahali." Geoffrey akaondoka kwa kasi, matope yakiruka. Bochaberi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, akavuta pumzi ndefu, akarudi kwa Ombui. Nilifurahi kwamba hatimaye ametulia.

Saa tano aliniuliza tena. Nikamwambia: Subiri. Geoffrey alirudi na dawa akapitia mlango wa stoo, na Bochaberi hakumwona kwa sababu alikuwa nyuma ya pazia na mtoto. Saa sita akaja kunivuta gauni, akaanza kueleza upya kwa mikono.

"Tulia mama, mtoto anapona," nilimwambia kwa sauti ya juu, ungedhani kelele ingemsaidia. Kisha nikamwonyesha tena ile ile: Subiri. Akakaa. Angekosaje kukaa? Aliyemwambia alikuwa na beji.

Nyakerario ni Msabato, na Jumamosi simu yake huwa imezimwa. Sikusumbuka hata kumtumia mtu. Alipita saa saba akitoka kanisani, Biblia kwapani, kuchukua mwavuli wake. Akamwona Bochaberi, akamsalimu kwa mikono. Mimi nilikuwa naandika kadi ya mgonjwa mwingine. Nilisikia Biblia ikianguka sakafuni.

"Sista Ruth," alisema. "Huyu mama ako na mtoto mwingine nyumbani. Hata yeye alikunywa hiyo dawa."

"Unasema nini?"

"Msichana. Hangeweza kubeba wawili, na majirani wote wameenda kanisa. Akamlaza kwa kitanda akakimbia na huyu mdogo. Anasema alikuambia asubuhi."

Niliikwapua dawa na sindano nikatoka. Nyakerario akabaki na mama na Ombui. Geoffrey alikuwa nje, juu ya pikipiki yake. "Kwa yule mama bubu? Napajua, ni juu ya kituo cha kununulia majani chai." Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Nilimpiga ngumi za mgongo aongeze mwendo, huku nikiomba kwa sauti, kwa Ekegusii, nikimwahidi Nyasae vitu ambavyo sina na sitawahi kuwa navyo.

Kwamboka hakuwa kitandani. Alikuwa ameshuka, akaufungua mlango, akaishia kizingitini, mkono mmoja ukiwa nje. Mwili ulikuwa bado una joto. Kama ningekuwa nimefika saa moja mapema, pengine hata nusu saa! Nilimdunga kila nilichobeba, nikampulizia pumzi, nikamkandamiza kifua, nikahesabu, nikaanza upya.

"Sista, wacha," alisema Geoffrey. "Sista, ameenda."

Nilimtukana, nikaendelea. Mwishowe alinishika mabega akaniinua kutoka pale chini.

Tulimteremsha kituoni nikiwa nimempakata katikati yetu kwenye pikipiki. Bochaberi alitoka nje akampokea kutoka mikononi mwangu. Hakulia. Alimtazama usoni muda mrefu, akamfuta tope shavuni, kisha akaniangalia. Alitaka kusema, lakini mikono ilikuwa imejaa. Ilibidi kwanza amlaze mtoto kwenye benchi, amfunike kwa leso, ndipo mikono yake ipate nafasi.

Alisema polepole sana, kama unavyosema na mgeni. Nyakerario alikuwa amesimama kando yake, machozi yakimtiririka, akinitafsiria.

"Anasema hana hasira na wewe, sista. Anasema asante kwa Ombui."

Bochaberi aliongeza jambo moja, akielekeza kidole kwenye ile kona ya barabara.

"Anauliza, yule mtu wa pikipiki ulimtuma nyumbani kwake asubuhi kuchukua msichana, alipotelea wapi?"

Geoffrey aligeuka akanitazama. Watu wote wa benchi walinitazama. Nyakerario alipangusa macho, akaninyanyulia mikono yake miwili, tayari kumpelekea mama huyo jibu langu.