Pilipili Bila Vikonyo

Kazi yangu ni kubeba lawama. Shirika linanilipa niwaunganishe wakulima na kampuni inayonunua mazao yao, kampuni inanishushia masharti, wakulima wananikodolea macho. Nimechoka, na sioni haya kusema.

Asubuhi hiyo banda la kukusanyia mazao lilijaa mapema. Kikundi cha mama mkwe wangu kilileta pilipili. Mzigo wao uliopita ulioza njiani ukakataliwa, na kampuni ilishasema wazi: huu nao ukikataliwa, lori halitakanyaga tena upande wetu.

Mkaguzi wa kampuni alifungua kreti, akachota pilipili kiganjani, akazigeuza. Akanitazama mimi badala ya wenye mali.

"Vikonyo viko wapi?"

Nilichungulia. Zilikuwa nyekundu, nzima, zimeiva vizuri, na kila moja ina kidonda kichwani. Pilipili iliyong'olewa kikonyo huoza kabla haijafika sokoni. Nilikuwa nimewafundisha habari za dawa, rangi na kivuli mpaka sauti ikanikauka. La vikonyo halikunijia kabisa. Nani angedhani kuna mtu mwenye muda wa kuving'oa?

"Tumevitoa wenyewe," mama mkwe alidakia, uso umemchangamka. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa ukali wa pilipili. "Safari ile tuliwapelekea na vikonyo vyake, ndiyo maana wakaona tumewadharau, wakazikataa. Mtu anakununulia kitu, unampa aanze tena kuhangaika nacho?"

"Mama, hawazitaki hivi."

"Hata tulivyowapunguzia kazi?"

"Hata hivyo, mama."

Mkaguzi alifunga kreti taratibu. Si mtu mbaya, naye ana wakubwa wake. Lori likaondoka tupu, na wanawake wakaanza kubeba mizigo kurudi nayo nyumbani. Walinipita mmoja mmoja.

Mama mkwe alibaki nyuma. Nikajikaza, maana ulimi wake naujua, umeshanichapa kwa makosa madogo kuliko haya. Alijifuta mikono kwenye gauni, akanisogelea.

"Mwanangu, huko kazini hawatakufukuza kwa ajili yetu?"

"Hawawezi, mama," nikamjibu, ingawa sikuwa na hakika.

"Afadhali."

Akainama, akashika kreti upande mmoja, akanisubiri nishike upande wa pili. Nilishika huku machozi yananitoka. Heri angenitukana.