Wahamiaji Mia Mbili, Wote Wanaume

Mtakwimu hakuwa na orodha ya wahamiaji, hakuwa na ramani ya vyumba walivyopanga, hakuwa na gari, wala kiti kisichoyumba. Alikuwa na mkataba wa mwezi mmoja na swali moja la kuijibia halmashauri: chumba cha mkunga karibu na machimbo ya kokoto kibaki au kifungwe?

Bila orodha huwezi kuchagua majina kwa bahati nasibu. Akachagua njia ya kuelekezana: unamhoji mhamiaji mmoja, unampa kadi tatu awagawie wenzake, nao wakija unawapa tatu tatu. Akaanza na mponda kokoto mmoja mcheshi. Wiki tatu baadaye walikuwa wamehojiwa watu mia mbili.

Akajumlisha. Wanawake: hakuna. Akaandika kwa mwandiko safi kwamba mkunga hahitajiki, akampelekea mkurugenzi ripoti.

Kesho yake mkunga akaingia ofisini na daftari lake kwapani.

“Shikamoo, mama.”

“Nitaipokea baadaye. Mwezi uliopita nimezalisha wageni kumi na tisa. Walijifungua hao waponda kokoto wako?”

“Mama, takwimu zinaonyesha...”

“Ulianza na nani?”

“Mponda kokoto.”

“Analala wapi?”

“Bweni la wanaume.”

“Sasa kadi ampe nani, mke wa mtu? Unamtakia kipigo?”

Kitabu cha mtakwimu kilisema aanze na watu kadhaa wasiofahamiana. Sentensi hiyo alikuwa ameipigia mstari kwa wino mwekundu.

“Wanawake wako bombani alfajiri,” mkunga akasema. “Wako wanakofulia watu nguo. Jumanne wako kwangu. Chagua mahali na saa, uwahoji hapo hapo.”

“Itachukua wiki sita.”

“Mimba inachukua miezi tisa, na sijaona aliyeniandikia barua ya malalamiko.”

Mkataba ulikuwa umebakiza siku nne. Mkurugenzi angesaini jioni ile. Mtakwimu akavuta karatasi.

“Mheshimiwa, naomba usiisaini ripoti yangu. Nilianza na mtu mmoja, tena wa bwenini, naye akaniletea wa bwenini. Kosa ni langu. Chumba kisifungwe mpaka wahamiaji wahojiwe upya kwa mahali na kwa saa, nami au na mwingine.”

Akaisoma mara mbili. Akafuta “au na mwingine”, akafikiri, akayarudisha. Akalamba bahasha, akaigonga muhuri, akamkabidhi tarishi, akasimama dirishani mpaka alipomwona akivuka barabara.