Mstari wa Chaki

Mama Pacha alikata kamba za robota, akachambua nyuzi kwa vidole na kuzilisha mashine. Ndani, meno yalizichana zikawa laini kama manyoya ya kifaranga, feni zikazibeba hewani na kuzimwaga juu ya wavu unaotembea. Hazikusokotwa wala kufumwa. Zililaliana tu, zikapita kwenye rola za moto, zikatoka kitambaa cha nepi. Zilizobaki hewani ziliingia vifuani mwa watu.

Alikohoa, akafuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Kunywa kwanza, mwanangu," Babu Feni alisema.

Mzee huyo ndiye aliyeongoza hewa ya mashine, miaka ishirini na miwili sasa. Ilibaki miezi minne astaafu. Kila asubuhi alimwekea maji ya moto kwenye kikombe, akakifunika kwa kisahani vumbi lisiingie.

"Leo ndiyo leo, Babu."

"Asemaye kesho mwongo. Kunywa."

Kila mwanzo wa mwezi msimamizi aliweka kibonge cha nyuzi mezani, kando ya mashine, akachora mstari wa chaki mbele yake. Aliyeshindwa kukipuliza kivuke mstari alipumzishwa, na hakuna aliyepumzishwa akarudi. Barakoa zilikuwapo, zimefungiwa kabatini kwa ajili ya wageni.

Zamu yake ilipofika, Mama Pacha aliinama. Aliwafikiria pacha wake waliovaa sare moja, mmoja akienda shule asubuhi, mwenzake mchana. Akapuliza. Kibonge kilitikisika tu.

"Mama, hata kibatari huzimi?" msimamizi alisema. "Mara ya mwisho."

Akapuliza tena. Kibonge kikaruka, kikavuka chaki, kikatua juu ya kiatu cha msimamizi. Wenzake wakaangua kicheko. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa amehisi upepo ukimpita shavuni. Akageuka. Babu Feni alikuwa karibu na mlango wa bomba la hewa, anafuta miwani.

Lakini hewa ikiibwa hapa, hupungua kule. Kabla ya saa sita mkaguzi aliinua kitambaa kwenye mwanga, akaona kipande chembamba, kirefu kuliko mtu, kina matundu.

"Nani kagusa hewa?" msimamizi aliuliza.

Mama Pacha alifungua mdomo. Babu Feni akamwahi. "Mkono wangu umeteleza. Uzee huu."

"Basi kaulee nyumbani."

"Imebaki miezi minne tu, baba."

"Nimemaliza. Na hiki kikatwe, kitupwe. Takataka."

Babu Feni alivua koti, akalikunja vizuri kama la mtu mwingine. Alipopita, alikirudisha kisahani juu ya kikombe cha Mama Pacha.

Mama Pacha alichukua mkasi. Alikata kile kipande, akakikata tena vipande vipande. Kimoja akajifunga puani na mdomoni. Vingine akawapa wenzake, wakajifunga, wote wanane.

"Vueni! Hiyo ni mali ya kampuni!"

"Umesema takataka, bosi," Mama Pacha alijibu. "Tunaitupa."

Feni, bila wa kuziongoza, zilianza kuvuma ovyo. Nyuzi zikamwangukia msimamizi kichwani, zikamtia mvi. Alitaka kupiga kelele, akashikwa na kikohozi.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, cha Babu Feni. Nje, langoni, mlinzi alikuwa akimpekua mzee mifuko. Mama Pacha alikitazama kile kipande, kisha akamnyooshea msimamizi. Msimamizi alisimama pale anakohoa, chaki bado mkononi.