Ukisikia Mashine, Kata

Mama Pasi hakuwa mtu wa kuchezewa akiwa kazini. Jina hilo alipewa na wateja, maana miaka nenda miaka rudi kazi yake ilikuwa moja: kufua nguo za watu na kuzipiga pasi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha wazi, beseni la wanga miguuni, mashati yametundikwa kwenye kamba kutoka ukuta huu hadi ule. Pasi ikishapata moto haitaki mazungumzo. Na simu, kana kwamba zina macho, ziliita wakati huohuo.

"Habari mpendwa mteja, je, umefikiria bima ya maisha?" Hajafikiria. Kesho yake viwanja. Keshokutwa dawa ya kupunguza tumbo, na tumbo lenyewe hana! Siku moja alipokea simu kwa mkono mmoja, akamsikiliza binti mwenye sauti laini akimweleza habari za mkopo, na kule mezani pasi ikatulia juu ya suruali ya bwana harusi. Kugeuka, moshi. Na harusi ilikuwa kesho. Aibu aliyoipata siku ile humwombei hata adui.

Aliyemwokoa ni kitinda mimba wake, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hanyamazi. Kabla ya kununua pikipiki na kuanza kusambaza vifurushi vya watu, Redio aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya hao hao wapiga simu. Walimfukuza kwa kuwahurumia wateja, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo mbinu zao zote alizijua.

"Mama, kosa lako unabishana nao," alimwambia. "Ukibishana wanajua namba hii ina mtu, na mtu mwenyewe anasikiliza. Kesho wanaiuza kwa wenzao."

"Kwa hiyo ninyamaze tu? Nitapasuka mie!"

"Akiwa mtu, mwambie mara moja: futeni namba yangu kwenye orodha yenu. Kata, kisha ifungie namba yake isiingie tena. Na uache kuandika namba yako kwenye kila kuponi ya bahati nasibu unayopewa dukani. Hao ndio wanaokuuza. Sasa, ikiwa mashine..." Redio akainua kidole kama mwalimu wa hesabu. "Inasema bonyeza moja upate zawadi, bonyeza tisa tukuondoe. Usibonyeze kitu. Hata hiyo tisa ni mtego. Ukisikia mashine, kata hapohapo, usingoje imalize. Mtu mwenye shida na wewe atakupigia kwa mdomo wake."

Akaichukua ile simu, akaiandikisha namba ya mama yake kwa wasimamizi wa mawasiliano, kwenye orodha ya wasiotaka matangazo, na dawa ikaingia. Siku zikawa zinapita pasi inateleza bila bughudha. Majirani wakaanza kuja kufundishwa, naye Mama Pasi akawafundisha kwa madaha, utadhani elimu ile aliitunga yeye. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kufunga mdomo. Kwa kuwa mashine haina masikio, basi aliimalizia hasira zake zote. "Kafie mbele huko, sikutaki!" Halafu ndipo anakata. Redio alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Kisha ikaja siku Redio aliondoka asubuhi na kifurushi cha mteja wa mji wa jirani, na jioni hakurudi. Kesho yake vilevile. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Pasi alifunga chumba chake cha kazi, nguo za watu zikalala na unyevu. Akaenda kwa bosi wa vifurushi. Yule bwana alimjibu bila kumtazama kwamba hana habari na kijana huyo, aliacha kazi zamani. Muongo mkubwa! Akaenda vituo vya polisi vya mji wao, akaambiwa hapa hayupo. Akaenda hospitali. Binti yake mkubwa alikwenda naye mochwari, akaingia peke yake, mama akibaki nje ameshikilia nguzo. Alipotoka akatikisa kichwa kwamba hayumo, wakakumbatiana hapohapo mlangoni.

Kilichobaki ni simu. Mama Pasi aliivaa shingoni kwa kamba, akawa analala nayo, anaoga huku imetundikwa mlangoni. Kila namba ngeni aliipokea roho mkononi. Na siku moja ikaita, akapokea: "Habari. Tafadhali sikiliza ujumbe huu kwa makini..."

Mashine! Katika wakati kama huu! Aliitukana kuliko alivyowahi kutukana. "Mwanaharamu wewe, kafie mbele! Sikutaki, usinipigie tena!" Akakata upesi, kwa kuogopa kwamba huenda mwanawe anapiga wakati huohuo na kukuta laini ina mtu. Wiki iliyofuata mashine ile ile ikarudi, naye akairudishia matusi yale yale. Ilipokuja tena hakungoja hata lile neno 'habari' liishe. Akatukana, akakata, akaifungia namba kama alivyofundishwa. Alitaka njia iwe nyeupe kwa ajili ya mtoto wake, basi.

Mgeni alikuja mchana mmoja, mwanamume mwembamba ambaye nguo zake mwenyewe zilikuwa zimemzidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni nguo, sijafungua bado."

"Si nguo. Mimi ni fundi rangi. Nimetoka mahabusu, gereza la mji wa pili. Nilikuwa chumba kimoja na mwanao, Redio."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Mama Pasi alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa kila jina alilolijua. Alipoinua uso akakuta yule fundi amesimama palepale, hafurahi.

"Niwie radhi, mama. Nataka kuuliza. Kwa nini humtaki?"

"Simtaki nani?"

"Mwanao. Anakupigia, unakata."

Akamweleza taratibu. Redio alisimamishwa njiani na polisi, kifurushi kikafunguliwa, ndani mkawa na mali ya wizi. Bosi akamkana. Gerezani simu ni moja, ukutani, na kila mtu ana zamu yake. Redio namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya mama yake. Ukipiga, mashine ndiyo inayotangulia: inamweleza mpokeaji kwamba simu inatoka gerezani, inamtajia jina la mpigaji, halafu inamwambia akikubali abonyeze moja. Kabla hajabonyeza, mfungwa hasikiki.

Mama Pasi hakutaka kuuliza swali lililofuata, lakini lilimtoka lenyewe.

"Na yeye? Ananisikia mimi?"

"Anasikia. Simu ile ina spika, mama, nasi tunakuwa foleni nyuma yake. Sote tulikusikia."

"Mungu wangu."

"Mara ya kwanza alicheka. Alituambia, huyo ndiye mama yangu, nimemfundisha mwenyewe, safari ijayo atasikiliza. Safari iliyofuata hakucheka. Kisha namba ikawa haiingii kabisa, akasema basi, mama amesikia habari za wizi, amenitema." Fundi rangi akashusha sauti. "Hakimu alitaka ndugu mmoja tu wa kumdhamini, atoke nje. Mmoja tu."

Kesho yake Mama Pasi alikuwa kwenye lango la gereza kabla halijafunguliwa. Askari alimuuliza anamtafuta nani, akamtajia, naye askari akamwelekeza upande mwingine, si wa mahabusu. Huyo ameshahukumiwa, alisema, alikubali kosa mwenyewe.

Walikutana kwenye ukumbi wenye meza ndefu. Redio alikuja amevaa sare, kichwa kimenyolewa, akaketi, akamwamkia vizuri sana, kama anavyomwamkia mama wa mtu mwingine.

Mama Pasi akamwaga yote bila kupumua: mashine, hofu, mochwari, simu ya shingoni. "Nilikuwa nakata kwa ajili yako, baba! Nilitaka ukipiga ukute njia nyeupe!"

"Najua, mama."

"Unaniamini?"

"Nakuamini. Fundi aliponiaga nilimwambia apite kwako akueleze, maana moyoni nilikuwa bado nahisi huenda ni ile mashine tu." Akaitazama mikono yake. "Ila yeye alipokwisha kuondoka, siku ya kesi hakimu aliuliza ndugu zangu wako wapi. Nikageuka nikaangalia mlangoni. Niliangalia sana, mama. Mwisho nikasema sina ndugu. Nikakubali kosa, yaishe."

"Lakini hukuiba!"

"Sikuiba."

"Basi tukate rufaa! Nitauza hata pasi, nitatafuta wakili, leo hii!"

"Walishaniuliza. Nimesema sitaki."

"Sasa si nimekuja, mwanangu? Si mimi hapa?"

Redio alimtazama mama yake kwa huruma, huruma ya mtu mzima kwa mgonjwa, na hilo lilimuumiza Mama Pasi kuliko kama angemtukana. Mama akanyoosha mkono kumshika. Redio akauacha wake ushikwe, lakini yeye hakuushika wa mama yake.

Kisha akasimama. Askari akamwambia muda wake bado.

"Inatosha," alisema Redio, akaelekea mlangoni.

Mama Pasi alibaki kwenye benchi, mkono wake bado juu ya meza. Askari hakumwondoa mpaka muda wao ulipokwisha.