Picha za Soila wa Illasit

Kaloki alikuwa amepiga magoti chini ya ngazi, anapangusa feni za mashine zake kwa brashi ya kupakia rangi, picha ya kwanza ilipoingia. Ilikuwa Jumanne, jua likielekea kuzama upande wa Ngong. Vumbi la Kitengela huingia hata ndani ya friji, na Kaloki alilitoa kila wiki, kwa sababu kompyuta zile kuukuu ndizo zilizobeba kumbukumbu za nyumba nzima. Alizinunua zikiwa zimetumika, akafuta kila kilichokuwemo, akaweka mfumo wa Linux, akaziunganisha na betri za sola zisizimike umeme ukipotea. Humo alihifadhi filamu, vitabu na picha zote za familia. Kampuni za ng'ambo zinazohifadhi picha za watu hazikuwa na hata picha moja ya mtoto wake. Hilo alimwambia kila mgeni, hata asiyeuliza.

Picha ilimwonyesha mkewe, Soila, amevaa gambuti na koti la kijani, mkono wake umezama hadi begani ndani ya ng'ombe. Nyuma yake Kilimanjaro ilikuwa imesimama karibu kama jirani. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile.

Kaloki alichungulia dirishani. Soila alikuwa nyuma ya nyumba, anawawekea kuku maji.

"Mama Nzilani, leo ulitoka?"

"Nitoke niende wapi?"

Kesho yake ikaja nyingine, na kesho kutwa nyingine, kila mara jioni, kama mtu aliyemaliza kazi. Soila juu ya pikipiki, sanduku la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira. Soila amepakata ndama mwenye ute. Soila anacheka, kichwa amekirudisha nyuma, meno yote nje. Kaloki alikijua kila kicheko cha mkewe, na hicho hakukijua.

Hakwenda kuombewa. Alikuwa fundi, akaiuliza mashine. Mashine ikasema picha zinatoka kwenye simu ya Soila, ile waliyoiuza mwaka binti yao Nzilani alipozaliwa. Akabadilisha nywila. Akachomoa waya wa intaneti. Picha zikaja. Jumamosi akamwita Kitonga wa Rongai, rafiki yake wa kikundi cha Linux, ambaye walikuwa wakitunziana nakala za akiba za mashine zao. Kitonga akasoma kumbukumbu za mashine mpaka mwisho, polepole, huku akinywa chai.

"Hakuna mtu amekuingilia," akasema. "Hizi ni zake. Zinaingia na ruhusa yake."

"Lakini yeye hajatuma."

"Huyu wa hapa hajatuma. Yule wa huko anatuma." Akaweka kikombe chini. "Uko na backup lakini? Hujui kama zitaendelea kuja."

Usingizi ulianza kumpotea Kaloki siku alipogundua jambo moja dogo. Soila alikuwa peke yake katika kila picha, lakini simu haijishiki. Palikuwa na mtu pale, kila jioni, na ni huyo aliyekuwa akichekewa. Kaloki akaanza kuzikuza picha. Akatafuta kivuli ardhini, akatafuta uso kwenye kioo cha pikipiki na kwenye jicho la ng'ombe. Programu yake ilijua kutambua nyuso na kuzipanga, basi akaiagiza imtafutie mwanamume. Ikamletea ng'ombe.

Soila alishazijua saa za picha. Huja na sinia lake la sukuma wiki, akaketi mbele ya skrini na kukatakata huku akitazama.

"Ndama alikuwa amekaa vibaya," husema. "Amemgeuza vizuri." Siku nyingine humkosoa mwenzake namna alivyoshona kidonda. Jioni moja akasema, "Amenunua gambuti mpya," na Kaloki akaitambua sauti ile ya wivu, maana ilikuwa sawasawa na yake mwenyewe.

Soila alisomea udaktari wa mifugo. Nzilani akiwa bado ananyonya, aliitwa kazini Illasit. Kaloki alisema baridi ya mlimani itamuua mtoto. Akauliza mtoto atashikwa na nani mama yake akiwa kwenye maboma ya ng'ombe, na akasema mtoto halelewi kwa simu. Kaloki mwenyewe alifanya kazi ya kompyuta nyumbani wakati huo, kama afanyavyo sasa, kwa waajiri ambao hawajawahi kumuuliza ameketi wapi. Soila akaikataa kazi. Wakanunua vifaranga.

Alasiri moja, Soila akiwa sokoni, Kaloki akazifuta picha zote. Kufikia jioni zilikuwa zimerudi. Ni yeye aliyeziagiza mashine zirudishe chochote kinachopotea, kutoka nakala iliyokuwa kwa Kitonga, na mashine zilitii.

"Umefuta," Soila akasema.

"Hazikuwa zetu."

"Ni zangu." Hakupaza sauti. Akampakulia chakula, yeye akaenda kula jikoni.

Wiki hiyo hiyo Kaloki akaaga kwamba anakwenda Nairobi kutafuta betri.

"Beba sweta," Soila akamwambia. "Illasit iko na baridi asubuhi."

Akapitia Emali, akafika Illasit soko likiwa limechangamka. Kwenye duka la dawa za mifugo aliuliza nyumbani kwa daktari Soila, akaonyeshwa mlango wa buluu nyuma ya soko. Ulikuwa na kufuli. Gambuti mpya zilikuwa zimechomekwa juu ya vigingi vya ua zikauke. Karibu nazo ilianikwa sweta ndogo ya shule. Mwanamke wa nyumba ya pili, Dinah, alikuwa kibarazani anachambua vitunguu.

"Sopa," Kaloki akamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Daktari hayuko. Ameitwa Rombo kwa ng'ombe. Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mtu wa kompyuta."

Jibu hilo likamtosha Dinah. Akamsogezea kigoda, akamletea chai ya maziwa. Kaloki akainywa nusu kabla hajaweza kuuliza.

"Daktari ako na mzee wake hapa?"

"Mzee gani?"

"Kuna mtu humpiga picha."

"Ah! Huyo ni msichana wake, Nzilani. Akitoka shule anabeba simu, anafuata mama yake mpaka kwa boma. Hapa hakuna ng'ombe hajapigwa picha."

Kaloki akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Na huwa anagonjeka, huyo mtoto?"

"Agonjeke nini? Si unaona hewa ya hii mlima."

"Na baba yake?"

"Ako Kitengela. Ako na kazi ya mashine. Daktari alisema hiyo kazi mtu anaweza fanya akiwa mahali popote. Lakini alikataa kuja." Dinah akatupa kitunguu kilichooza nje ya karai. "Daktari hamsemangi vibaya. Hamtajangi tu."

Maneno yote ambayo Kaloki alikuwa ameyapanga njiani yalikuwa ya kuambiwa mwanamume. Hakuwa na mtu wa kumpa. Wivu haukumtoka kwa hilo. Ulikaa pale pale kifuani, ukawaangukia mke wake na mtoto wake, walioishi vizuri bila yeye. Akashukuru kwa chai na kuondoka kabla mwenye mlango wa buluu hajarudi.

Alifika nyumbani jua lingalipo. Nzilani alikuwa sakafuni akifanya hesabu za shule, Soila akichambua mchele.

"Ulimpata?"

"Alikuwa ameenda Rombo."

"Na anayempiga picha?"

Kaloki akamtazama binti yake. "Ni huyu."

Vidole vya Soila vikatulia juu ya mchele. "Kwa hivyo hakugonjeka."

"Hakugonjeka."

"Na huko, wewe uko wapi?"

"Mimi niko hapa."

Picha ya siku hiyo ikaingia. Ng'ombe wa kahawia alikuwa anajaribu kusimama, miguu imepanuka, na Soila wa Illasit amemshikilia mkia. Pembeni palikuwa na doa la waridi lililofunika anga. Nzilani akaacha hesabu, akaja kutazama.

"Hiyo ni kidole yangu," akasema, kisha akarudi kwenye daftari.

Soila akaliweka sinia chini. "Isinya kuna shamba kubwa ya kuku inatafuta daktari. Ni karibu. Naweza kuwa natoka asubuhi, narudi jioni."

"Na Nzilani atachukuliwa shule na nani?"

Soila akamtazama. Akatazama chini ya ngazi, penye kiti ambacho Kaloki hukikalia tangu chai ya asubuhi hadi giza linapoingia. Akainuka, akaenda kuwafungia kuku, mlango ukajifunga nyuma yake.

"Tutaongea," Kaloki akauambia mlango.

Hawakuongea. Mwisho wa wiki mashine ikatoa onyo kwamba diski imekaribia kujaa. Jumatatu Kaloki akaenda Nairobi, akanunua diski kubwa kuliko zote zilizokuwa dukani, akaifunga ndani ya mashine kwa mikono yake na kuijaribu mpaka akaridhika. Jioni picha za Illasit zikaja, na zote zikapata nafasi.