Sura Kwenye Mfuko wa Unga

Je, umewahi kumwonea mtu wivu kwa kitu kinachomliza? Drusilla alimwonea binamu yake Almira hivyo, mwaka ule wa 1902, katika mji wao wa vinu, jimbo la New York.

Walipigwa picha siku moja, kwa mpiga picha mmoja. Drusilla alivaa kola ya lesi aliyoidarizi wiki mbili. Almira alikaa tu, kichwa upande, kama anayengoja mvua ikatike. Baada ya miezi michache, sura ya Almira ikatokea kwenye mifuko ya unga: dukani, stesheni, mpaka ukutani kwenye kilabu cha pombe. Hakuna aliyemwuliza. Wanaume wakamwita Bibi Unga, naye akajifungia chumbani.

Drusilla kila akikanda mkate aliugeuzia mfuko ukutani, usimtazame.

Familia ikawashtaki wenye unga, lakini mahakama ikasema hakuna sheria ya kumlinda mtu na sura yake. Ndipo wanawake wakazungusha waraka wa kutiwa saini na kupelekwa kwenye bunge la jimbo, Albany: picha ya mtu isiuzie bidhaa mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi. Kura hawakuwa nayo, ila kuandika walijua. Keturah, mama yake Almira, akauleta jikoni kwa Drusilla. Almira alimfuata nyuma, kajitanda shali mpaka puani.

"Tia jina, mwanangu. Mtaani umebaki wewe tu."

"Kwani analia nini, shangazi? Wengine tungelala tunacheka."

"Ungecheka huku walevi wakikukonyeza ukutani?"

"Angalau wangekuwa wananikonyeza mimi."

"Makubwa. Haya, siku ile ulikuwepo. Mpiga picha aliomba ruhusa?"

Drusilla akakwangua unga kwenye kucha, kidole kimoja kimoja. Alikumbuka alivyorudi ndani kwa mpiga picha peke yake siku ile, kumnong'oneza yule bwana.

"Mwache, mama," Almira akasema taratibu. "Dru amechoka. Nikupashie chai, Dru?"

Upole huo ulimchoma kuliko matusi. Drusilla akafuta mikono kwenye aproni, akavuta waraka, akaandika jina lake lote.

"Mimi ndiye niliyemwambia auze picha," akasema bila kuinua macho. "Nilimwambia akitokea mfanyabiashara, ampe yangu; wakachagua yako. Nilitaka iwe sura yangu, Mira. Nilitaka waje kuniuliza mimi."